Kansa ya mfuko wa uzazi: maji ya tumboni yanatuambia nini?

Tuseme mama wa miaka sitini hivi ametolewa mfuko wa uzazi kwa sababu ya kansa. Operesheni imekwenda salama, kidonda kinapona, na mama ameanza kunywa uji na kutembea uani. Baada ya majuma kadhaa majibu ya maabara yanafika. Mtoto aliyesoma kuliko wengine anapewa karatasi aisome. Anapita mistari ya Kiingereza cha kidaktari mpaka anafika mahali palipoandikwa kwamba maji yaliyochukuliwa tumboni ni "pozitivu". Hapo nyumba nzima inanyamaza.

Wengine wataelewa kwamba mama ana virusi vya UKIMWI, kwa kuwa kwetu neno hilo limezoeleka kwa maana hiyo tu. Wengine wataelewa kwamba kansa imekwisha kutapakaa tumbo zima na hakuna tena la kufanya. Basi mama anarudishwa kijijini, safari ya kwenda kwenye mionzi inaahirishwa, na fedha zilizochangwa na jumuiya zinapata kazi nyingine. Maelezo yote mawili si sahihi. Kipimo hicho hakina uhusiano wowote na UKIMWI. Na kuhusu kansa, kinachosema ni kidogo kuliko watu wanavyodhani, ingawa si bure. Kwa miaka zaidi ya ishirini hata mabingwa wenyewe walikipa uzito ambao baadaye walilazimika kuupunguza. Yafaa tukieleze kwa utaratibu.

Ni kansa ipi tunayoizungumzia?

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila siku. Mfuko wa uzazi, ambao wengine huuita mji wa mimba au kizazi, una umbo kama la parachichi dogo lililogeuzwa juu chini. Sehemu nene iko juu, na sehemu nyembamba, yaani shingo, iko chini ikielekea ukeni. Kansa ya shingo ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi hapa Tanzania. Hiyo husababishwa na virusi, huweza kugunduliwa mapema kwa kipimo cha siki, na wasichana wetu wamekuwa wakichanjwa dhidi yake nchini kote tangu mwaka 2018.

Kansa tunayoizungumzia leo ni nyingine. Huanza juu, ndani ya mwili wa mfuko wenyewe, katika ule utando laini unaomeguka na kutoka kila mwezi kama damu ya hedhi. Haina chanjo, na kipimo cha siki hakiioni. Huwapata zaidi akina mama waliokwisha koma hedhi. Chanzo chake kikubwa ni homoni ya kike iitwayo estrojeni kuuchochea utando huo kwa muda mrefu bila homoni ya pili, projesteroni, ya kuutuliza. Ndiyo maana mama mwenye mwili mnene sana yumo hatarini zaidi, kwa sababu mafuta ya mwili nayo hutengeneza estrojeni hata baada ya ovari kuacha kazi. Hali kadhalika wenye kisukari, wasiowahi kuzaa, waliochelewa kukoma hedhi, na waliotumia kwa miaka dawa ya kansa ya matiti iitwayo tamoksifeni. Wapo pia ambao ugonjwa huu hutembea katika ukoo pamoja na kansa ya utumbo mpana.

Dalili yake ni moja ambayo haifichiki: damu kutoka ukeni baada ya hedhi kukoma kwa mwaka mzima au zaidi. Hata tone moja, hata maji mekundu yasiyo na maumivu. Wapo wanaocheka na kusema ujana umerudi. Ujana haurudi kwa njia hiyo. Si kila damu ya namna hii ni kansa, na mara nyingi siyo, lakini kila damu ya namna hii lazima ipimwe. Daktari atatazama mfuko kwa ultrasaundi, kisha atachukua kinyama kidogo kutoka ndani yake. Kinyama hicho ndicho kinachothibitisha ugonjwa. Maji ya tumbo ambayo ndiyo habari yetu ya leo si kipimo cha kugundua kansa hii, na mama asiende hospitali kuyaomba. Yanakuja baadaye, siku ya operesheni.

Maji hayo yanatoka wapi?

Ukichinja kuku au mbuzi utaona kwamba matumbo hayakukauka. Yanateleza, yana unyevu, na yamefunikwa na utando mwembamba unaong'aa. Binadamu yuko hivyo hivyo. Utando huo unafunika matumbo, ini, mfuko wa uzazi na ukuta wa ndani wa tumbo, na hutoa maji kidogo ili viungo visikwaruzane. Kwa mama mwenye afya njema maji hayo ni machache tu, na hukusanyika mahali pa chini kuliko pote, katika kibonde kilicho nyuma ya mfuko wa uzazi, mbele ya utumbo wa haja kubwa. Madaktari hukiita mfuko wa Douglas, kwa jina la daktari wa Uskoti James Douglas aliyeishi karne ya 17 na ya 18.

Tusiyachanganye maji haya na ile hali ya tumbo kujaa maji mpaka kuwa kama la mjamzito. Tumbo kujaa maji ni dalili ya magonjwa mengi: ini lililoharibika, moyo uliochoka, figo, kifua kikuu kilichoingia tumboni, na kansa mbalimbali, hasa ya ovari. Huko daktari huchoma sindano na kuyatoa maji ili ajue chanzo. Kansa ya mfuko wa uzazi ya kawaida haina tabia ya kujaza tumbo maji mwanzoni mwake. Mama ambaye tumbo linavimba anahitaji kuchunguzwa kwa njia yake, wala asisubiri damu.

Yanavyochukuliwa na kupimwa

Siku ya operesheni, mara tu daktari anapofungua tumbo, au anapoingiza kamera kupitia matundu madogo, kitu cha kwanza anachotafuta ni maji hayo. Kama yapo huyavuta kwa bomba la sindano. Kama hayapo, au ni machache mno, humimina maji ya chumvi yale yale ya dripu, kiasi cha glasi ndogo hivi, akayaacha yaoshe kibonde kile na pande zote za nyonga, kisha akayavuta tena. Kwa sababu hiyo karatasi nyingine zitasema "maji yaliyooshea tumbo".

Kazi hii yapaswa kufanywa kabla mfuko wa uzazi haujashikwa wala kusukumwa. Sababu yake tutaiona hivi punde, na ni sababu kubwa.

Maabara, maji huwekwa katika mashine inayozungusha vichupa kwa kasi sana mpaka vitu vizito vikatuama chini. Machicha hayo hupakwa juu ya kipande cha kioo, yakatiwa spiriti ili yasiharibike, kisha rangi. Rangi inayotumika mara nyingi ni ile iliyobuniwa na George Papanicolaou, daktari Mgiriki aliyezaliwa mwaka 1883 na kuhamia Marekani mwaka 1913, yule yule ambaye kipimo cha shingo ya kizazi kinaitwa kwa kifupi cha jina lake, "pap". Baada ya hapo mtaalamu wa patholojia huketi mbele ya hadubini na kutazama seli moja moja. Seli ni zile chembechembe hai ndogo mno ambazo mwili wote umejengwa nazo. Seli ya kansa ina kiini kikubwa kupita kiasi, cheusi, chenye umbo la ovyo, na hupenda kukaa na wenzake katika vifungu vilivyorundikana.

Kusema ni rahisi, kuona ni kazi. Utando wa tumbo wenyewe huangusha seli zake ndani ya maji kila siku. Zikikasirishwa na uambukizo wa zamani wa nyonga, au na operesheni iliyopita, seli hizo huvimba na kubadilika sura mpaka zikafanana na za kansa. Aidha, kuna wanawake ambao utando wa mfuko wa uzazi huota nje ya mahali pake bila kuwa kansa, na seli zake nazo huingia katika maji. Mtaalamu mzoefu hutofautisha mara nyingi, lakini si mara zote. Akiwa mkweli ataandika kwamba ameona seli zenye mashaka, na hilo si kosa lake. Ni heri mashaka yaliyoandikwa kuliko hakika ya kubuni.

Seli za kansa zimefikaje huko?

Hapa ndipo penye kiini cha habari. Mfuko wa uzazi si chungu kilichofunikwa. Juu yake kuna mirija miwili, mmoja kila upande, na ncha za mirija hiyo ziko wazi ndani ya tumbo. Ni kupitia huko ndiko yai huingia. Lakini njia inayoleta yai huweza pia kupeleka vitu upande wa pili. Wanawake wengi wakiwa katika hedhi, sehemu ndogo ya damu hurudi nyuma kupitia mirija na kudondokea tumboni, nao hawajui wala hawadhuriki, kwa maana mwili huisafisha. Seli za kansa zinazomeguka ndani ya mfuko zaweza kupita njia hiyo hiyo.

Njia ya pili ni mbaya zaidi: kansa imetoboa unene wote wa ukuta wa mfuko mpaka ikatokeza nje, au imeota kwenye ovari, na kutoka huko inadondosha seli zake. Njia ya tatu ni mkono wa daktari. Mfuko ukibanwa na kusukumwa wakati wa operesheni, au ukijazwa maji kwa nguvu wakati wa kuuchungulia kwa kamera ndogo siku za nyuma, seli zaweza kusukumwa kupitia mirija. Hii ndiyo sababu ya kuyachukua maji mapema, kabla ya kugusa kitu.

Sasa tazama. Seli zilizofika kwa njia ya pili ni ishara ya kansa iliyokwisha toka nje. Seli zilizofika kwa njia ya kwanza au ya tatu huenda ni mbegu zilizodondoka tu njiani kutoka kwenye gunia, nyingi hazitaota. Lakini chini ya hadubini zote zina sura moja. Kioo hakisemi zilipitia mlango gani.

Sheria ya mwaka 1988

Madaktari hugawa kansa hii katika hatua nne. Kwa ufupi, ya kwanza imo ndani ya mwili wa mfuko. Ya pili imeshuka kwenye shingo. Ya tatu imetoka nje ya mfuko, kwa mfano kwenye ovari, ukeni au kwenye tezi za nyonga. Na ya nne imeingia kibofu au utumbo, au imekwenda mbali kama kwenye mapafu. Anayepanga hatua hizo ni Shirikisho la Kimataifa la madaktari wa wanawake na uzazi, lililoanzishwa Geneva mwaka 1954 na linalojulikana kwa kifupi chake, FIGO. Hatua ndiyo inayoamua kama mama atarudi nyumbani baada ya operesheni au ataongezewa mionzi na dawa.

Mwaka 1987 madaktari wa Marekani walichapisha habari za wanawake 621 ambao, kwa kuwatazama kabla ya operesheni, kansa ilidhaniwa imo ndani ya mfuko tu. Walipofunguliwa na kupimwa kila kitu, 76 kati yao, yaani kama 12 katika kila mia, walikutwa na seli za kansa katika maji ya tumbo. Mwaka uliofuata, 1988, FIGO ikatoa mpango mpya wa hatua, na humo ikaandikwa kwamba mwanamke ambaye maji yake yana seli za kansa ahesabiwe kuwa katika hatua ya tatu, hata kama hakuna dalili nyingine yoyote ya kansa nje ya mfuko.

Fikiri maana yake kwa mgonjwa. Mama ambaye kansa yake ni ndogo, imekaa juu juu tu katika utando wa ndani, anaruka kutoka hatua ya kwanza hadi ya tatu kwa ajili ya seli chache zilizoonekana kwenye kioo. Na baada ya kuitwa hatua ya tatu, alitibiwa kama mtu wa hatua ya tatu. Baadhi ya wanawake waliwekewa tumboni maji yenye fosforasi ya mionzi. Wengine walichomwa mionzi tumbo zima, au walipewa dawa kali za kansa, au homoni kwa muda mrefu. Tiba hizi hazikuwa mchezo. Pale fosforasi ilipounganishwa na mionzi ya nyonga, wapo ambao matumbo yaliharibika na kuziba, wakalazimika kurudi tena mezani kwa upasuaji.

Je, maji yenyewe ndiyo yaliyokuwa yakiua? Wataalamu waligawanyika. Wanawake wenye seli katika maji walikuwa kweli na maisha mafupi kuliko wenzao. Lakini wengi wao walikuwa pia na kansa iliyoingia ndani sana ya ukuta, au iliyofika kwenye tezi, au ya aina kali. Ni sawa na mtu aliyekutwa ameketi na wezi: huenda naye ni mwizi, huenda alipita tu kuomba maji ya kunywa. Ili kumhukumu ni lazima umtazame akiwa peke yake. Wagonjwa wenye seli katika maji tu, bila kingine chochote, ni wachache, na ndiyo maana mabishano yalichukua miaka mingi.

Huko Japani madaktari walifanya jambo la busara. Wanawake waliokutwa na seli katika maji siku ya operesheni waliachiwa mrija mwembamba tumboni, na maji yakapimwa tena siku kadhaa baadaye, mfuko ukiwa umekwisha ondolewa. Kwa walio wengi seli zilikuwa zimetoweka zenyewe. Zilibaki kwa wachache.

Basi mwaka 2009 FIGO ikabadilisha mpango wake, na maji ya tumbo yakaondolewa katika kuhesabu hatua. Mama wa mfano wetu, mwenye kansa iliyomo ndani ya mfuko tu, akirudishiwa karatasi leo atabaki katika hatua ya kwanza hata kama maji yake yana seli. Mpango mwingine mpya ulitolewa mwaka 2023, ambao unatazama kwa undani zaidi aina ya kansa na hata tabia za urithi zilizomo ndani ya seli zake. Huo nao haukuyarudisha maji katika kuhesabu hatua.

Mbona basi bado wanayachukua?

Swali zuri. FIGO ilipoyaondoa mwaka 2009 haikusema yatupwe. Ilisema majibu yake yaandikwe kivyake, kando ya hatua. Na tangu hapo kumbukumbu kubwa za wagonjwa wa Marekani zimeonyesha kwamba hata katika hatua za mwanzo, wenye seli katika maji, kwa wastani, hawaendi vizuri kama wasio nazo. Jambo ambalo mabingwa bado wanabishania ni kama kuwaongezea tiba kwa sababu hiyo peke yake kunawasaidia. Kwa maoni yangu huo ni mwendo wa haki: ushahidi unasikilizwa lakini hautoi hukumu peke yake.

Kuna pia aina za kansa ya mfuko wa uzazi zilizo kali tangu mwanzo. Moja huitwa ya sirasi. Huwapata zaidi akina mama wenye umri mkubwa, wakiwemo wembamba, na tabia yake ni kuruka. Ndani ya mfuko yaweza kuwa ndogo kama punje, kumbe imekwisha pandwa juu ya matumbo. Kwa mama wa namna hii seli katika maji zinamfanya daktari atazame kila kona ya tumbo na afikirie dawa za dripu mapema. Na kama kansa si ya mfuko bali ya ovari, habari ni nyingine kabisa: huko maji bado yanahesabiwa katika kupanga hatua. Ndiyo maana ndugu wawili wa ukoo mmoja wanaweza kuwa na neno lile lile kwenye karatasi zao na kupewa matibabu tofauti. Msilinganishe karatasi kabla ya kulinganisha magonjwa.

Lipo na upande wa pili ambao familia huusahau kwa furaha. Karatasi ikisema maji ni safi, hiyo si hati ya kupona. Kansa iliyoingia zaidi ya nusu ya unene wa ukuta, au iliyofika kwenye tezi, inahitaji kushughulikiwa hata kama maji ni meupe kama ya kisima. Wapo wanaosoma neno "safi" wakaacha kurudi kliniki, na hao humtia daktari hofu kuliko wale wenye seli chache.

Kusoma karatasi na kumwuliza daktari

Ukipewa majibu, usiyasome peke yako nyumbani usiku. Rudi nayo kwa daktari aliyefanya operesheni, na mgonjwa mwenyewe awepo. Kuna desturi ya ndugu kumficha mama ugonjwa wake kwa huruma. Huruma hiyo humwacha agombane na mionzi asiyojua ni ya nini. Mwili ni wake.

Mwulize daktari kwanza ni aina gani ya kansa, ya kawaida au kali. Mwulize imeingia ukutani kwa kina gani, nusu ya unene au zaidi, na kama shingo, ovari na tezi zilikutwa salama. Baada ya hayo ndipo uulize juu ya maji: yalionekana nini, je, mtaalamu alikuwa na uhakika au mashaka, na yalichukuliwa kabla ya mfuko kuguswa au baadaye. Maswali haya si ya kumkosoa daktari. Daktari mwema huyapenda, maana mgonjwa anayeelewa hufuata matibabu. Kama majibu yanasema sampuli haitoshi au imeharibika, hiyo haina maana ya kansa wala ya usalama. Ina maana kwamba hakuna kilichosomwa.

Na kama maji hayakuchukuliwa kabisa? Katika hospitali zetu nyingi hutokea hivyo, pengine kwa sababu hakuna mtaalamu wa kuyasoma karibu. Msihuzunike mkadhani mama amenyimwa tiba. Hatua yake inaweza kupangwa bila maji hayo. Kisichoweza kukosekana ni mfuko wenyewe uliotolewa kupelekwa patholojia. Huo usiachwe wala kutupwa, na familia ina haki ya kuuliza umepelekwa wapi na majibu yatatoka lini.

Mara nyingine ndugu ndio hukabidhiwa chupa waipeleke hospitali ya rufaa kwa basi. Hapo kuna jambo la kushika. Chupa yenye kinyama huwa imetiwa dawa ya kuhifadhi, na inaweza kuvumilia safari. Chupa ya maji ya tumbo ni tofauti, maana seli zake huharibika upesi kama maziwa. Uliza kama imetiwa spiriti au inatakiwa kukaa kwenye ubaridi, na ifikishwe siku hiyo hiyo kama inawezekana. Isiwekwe juu ya boneti ya gari wala dirishani penye jua. Usiifungue, usipunguze wala kuongeza kitu. Kabla ya kuondoka, soma jina lililobandikwa juu yake, umri, tarehe na namba ya hospitali, na uhakikishe ni sawa na yaliyo katika fomu. Chupa isiyo na jina ni hasara ya operesheni nzima.

Wagonjwa watakaohitaji mionzi hupelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, au Hospitali ya Bugando, Mwanza. Nendeni na karatasi zote: majibu ya kinyama cha kwanza, maelezo ya operesheni, majibu ya mfuko, na yale ya maji kama yapo. Toeni nakala mbili, moja ibaki nyumbani ndani ya mfuko wa plastiki. Daktari mpya asiyejua kilichoonekana tumboni hulazimika kukisia.

Baada ya matibabu, mama ataitwa kliniki kila baada ya miezi michache. Miaka mitatu ya kwanza ndiyo ya kuangaliwa sana, kwa sababu kansa hii ikirudi mara nyingi hurudi katika kipindi hicho. Asisubiri tarehe ya kadi akiona damu tena ukeni, tumbo likivimba, mguu mmoja ukijaa, maumivu ya nyonga au mgongo yasiyoisha, kikohozi cha muda mrefu, au akikonda bila sababu. Aende, achukue na bahasha ya karatasi zake.